Lifti ya Gldani

Mhadhiri alitupanga kwa herufi, kama sahani kabatini:
Eteri, Gvantsa, mimi, na mtu aitwaye Bacho
ambaye hakuna kati yetu aliyeijua sura yake.
"Takwimu za maisha ya kila siku. Wiki nne, kurasa ishirini,"
akafunga kompyuta, akaenda zake.

Tukabaki ujiani, makoti mikononi,
tukitazamana kama abiria wa treni iliyozimika.
Eteri akasema yeye ni mtu wa majedwali.
Gvantsa akasema yeye hali kitunguu.
Sijui kwa nini alianza na hilo,
ila mpaka leo nikimenya kitunguu namkumbuka.

Wazo lilikuwa la Bacho, ujumbe mmoja wa usiku wa manane:
*Lifti za Gldani. Zinakula sarafu.*
Kisha kimya.
Wiki ya pili, kimya chenye tiki mbili za buluu.

Tulikwenda bila yeye, hadi kituo cha mwisho cha metro,
theluji imeshachanganyika na matope,
jengo la ghorofa kumi na sita, rangi ya uji uliopoa.
Ndani ya lifti, kisanduku cha chuma,
tundu lake jembamba kama jicho la mtu anayesinzia:
tetri kumi, ndipo upande.
Eteri alishika saa, Gvantsa akahesabu vichwa,
mimi nikashika mfuko wa sarafu,
cheo changu cha kwanza maishani.
Safari arobaini na moja, sarafu arobaini na moja.
Jedwali likatulia, safi kama shuka la hospitali.
Tulikula mkate wa maharage tumesimama,
Gvantsa akiupekua kwanza.

"Na huyu Bacho?" Eteri aliuliza, akifuta vidole.
Jibu lilikuwa limeshapikwa, lilingoja kupakuliwa.
Asiyekuwapo na lake halipo.
Nikapewa mimi kuandika, eti nina lugha laini:
*Mheshimiwa, kwa masikitiko makubwa...*
Masikitiko yenyewe hayakujaa hata kijiko.

Siku tatu kabla ya kuwasilisha, akaja.
Mrefu, kope nyekundu, unga kwenye mikono ya sweta.
Huoka mikate usiku; hulala tukiwa darasani.
"Samahani," alisema, hakuongeza,
akaweka mezani daftari la miraba.

*Saa kumi na moja alfajiri. Mama, viazi, ghorofa ya tisa: ngazi.
Mvulana, fidla: ngazi. Amepumzika mara nne.
Mzee Vazha, hana sarafu. Nimempa. Amekataa: ngazi.*

Kurasa kwa kurasa.
Sisi tulikaa ndani ya lifti tukiwahesabu waliomo.
Yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta,
anatoka tanurini, anapanda nao,
hadi ghorofa ya kumi na moja, kwao.

Eteri alisoma mpaka chai yake ikafanya utando.
"Hii haiingii kwenye jedwali langu."
Akaongeza safuwima moja, pembeni, kwa shingo upande,
tukagombana hadi saa sita usiku juu ya kichwa chake.
Gvantsa alitaka *Wasiolipa*.
"Hapana," Bacho alisema, macho yamefumba,
tukidhani kalala. "Wanalipa."

Tulipata alama za katikati.
Mhadhiri aliandika kwa wino mwekundu: *sampuli haitoshi*.
Urafiki haukuzaliwa pale, nisiwadanganye.
Eteri nikikutana naye kwenye metro
tunainamishiana vichwa, kila mtu na simu yake.

Ila ile barua sikuituma, wala sikuifuta.
Imelala kwenye rasimu, chini ya matangazo ya viatu.
Juzi niliifungua, nikaona
hata jina lake nililikosea.