Kizingiti cha Lifti

Leeds, Novemba. Chumba juu ya duka la mazulia,
bomba la joto ukutani linagonga linapotaka,
na Maureen Oldroyd, aliyestaafu juzi kuchonga meno ya bandia,
ananiambia: Shekue, unaongea kama mtu anayekimbizwa.

Nami nilidhani nimepiga vizuri!
Noti ishirini, kisha ishirini nyingine juu yake,
vidole kama kuku waliomwagiwa mtama.
Koma iko wapi, akauliza. Nukta je?
Nani atakujibu, nawe hunyamazi?

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu Pangani
mama alinifunza mizani kwa maharage,
nane huku, nane huku, juu ya ungo,
na mshororo uliozidi harage moja haukupikwa.
Kwamba mstari hukatwa katikati
ili mtu ameze mate.
Sikumwambia. Kiingereza changu ni cha kazini.

Akanifunga kwa pumzi yangu mwenyewe:
piga unapotoa hewa tu;
hewa ikiisha, mkono ufe.
Wiki ya kwanza nilikaribia kuzimia.

Siku nyingine akaushika mkono wangu wa kulia,
akauinamia kama taya la mteja.
Kucha hii inakwaruza.
Akaikata mwenyewe, akaipiga tupa,
akausogeza mkono utoke karibu na daraja
hadi pale shingo ya gitaa inapoanzia,
akazungusha kitufe, ukali ukapungua,
na uzi ule ule niliokuwa nikiupigisha kelele
ukatoa sauti yenye nyama,
sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mmoja
bila kumwamsha wa pili.

Lakini mapigo. Ah, mapigo!
Mashine yake inasema tak kwenye mbili na nne tu,
nami naitua kila mara, pu,
kama mtu anayekanyaga mende.
Chelewa, anasema.
Nachelewa.
Siyo hivyo, huko ni kupotea.
(Na tafadhali, msiniletee ile methali ya haraka.
Nimeijaribu. Haipigi gitaa.)

Kazi yangu ni kusukuma vitanda hospitalini.
Saa tisa za usiku, kutoka wodini kwenda eksirei,
nilimchukua Bwana Hebblethwaite, nyonga imevunjika,
amefumba macho, ameng'ata shuka.
Mbele yetu mlango wa lifti,
na ule ukingo wa chuma, kimo cha kidole gumba,
ambao mgonjwa huusikia hadi kwenye meno.
Mikono yangu inaujua kwa miaka kumi na mmoja:
usisimame, wala usisukume,
legeza kabla, kidogo, gurudumu liulize,
halafu uzito uvuke wenyewe.

Kitanda kikavuka.
Mzee akafumbua jicho moja. Tumeshaingia?
Tumeshaingia.
Nikasimama mle ndani
nikasahau kubonyeza namba.

Alhamisi, chumba cha nyuma cha baa, sakafu inanata bia.
Everald kwenye ngoma, brashi mkononi, koti hajavua.
Zamu yangu. Nikavuta hewa.
Noti nne.

                    Nikaacha.

Brashi zikapita mle nilimoacha
kama mgeni aliyeshikiwa mlango.
Kisha tatu, nyuma ya pigo
kwa upana wa ule ukingo wa chuma,
zikaingia, na hakuna aliyeamka.
Everald akacheka peke yake.

Mzunguko wa pili furaha ikanizidi, nikakimbia tena:
mende, kuku, mtama, vyote.
Kwenye kona Maureen akainua glasi ya maji ya ndimu
na midomo yake, bila sauti, ikaniambia
neno lile analoniambia kila Jumanne:
pumua.