Bibi wa Kukodiwa

Walinikodi Septemba, malipo kwa mwezi,
pesa ndani ya bahasha ya kahawia,
mama mtu akizihesabu mara mbili mbele yangu
kama anavyowahesabia Wajerumani chenji
pale kibandani kwake, Cheb, mpakani,
anapouza soksi, fataki na visanamu vya bustani.

Kazi: kumpokea Quyên shuleni saa sita,
kumlisha, kumfuta kamasi, kumsimamia hesabu,
na kumzungumzisha.
Hilo la mwisho Bi Thơm alilisema kwa mkono,
vidole vikifunguka na kufumba mbele ya mdomo
kama bata. Nikaelewa.
Nilikuwa na miaka mitatu tangu nistaafu posta,
maneno yamenijaa, wa kumpa sina.

Mwalimu alishindwa na jina. Akamwita Květa.
Mtoto akaitika.
Mtoto huitikia chochote kikisemwa kwa upole,
na mwalimu alikuwa mpole, sitamsingizia.

Lugha yetu ina herufi moja
ambayo hata watoto wetu wenyewe huililia: ř.
Ulimi utetemeke, meno yapulize, papo hapo,
nzi ndani ya chupa.
Mto wa mji wetu unayo katikati ya jina.
Kila siku tulisimama darajani tukiuita,
Ohře, Ohře, mate yakiruka majini,
hadi Februari, theluji imekwisha kuwa tope,
nzi akanguruma.
Mbio hadi kibandani kumwonyesha mama yake!
Mama akatabasamu, akampa chungwa.
Hakusikia tofauti.

Kwenye kikao cha wazazi
Bi Thơm aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni,
koti lake likinuka mpira wa viatu vipya.
Mwalimu aliongea akinitazama mimi.
"Amezoea kabisa," alisema. "Kabisa."
Nikarudi na neno hilo mfukoni
kama mtu aliyeokota meno ya mwenzake.

Kisha usiku ule wa homa.
Simu saa nane. Pumzi tu, halafu:
"Babi. Nini? Yeye sema nini?"
Akaisogeza simu kwenye mdomo wa mtoto.
Nami pekupeku kwenye sakafu ya jikoni
nikamsikia Quyên akiweweseka kwa lugha yangu,
sarufi imenyooka, viambishi vyote mahali pake:
dubu wameikalia miguu yangu,
tafadhali waambieni washuke.

Nikamwambia Bi Thơm: miguu. Sugua miguu.
Nikakata simu.
Mkalimani wa mwana kwa mamaye aliyemzaa.
Kumbe hii ndiyo iliyokuwa ndani ya bahasha.

Nina mjukuu wa damu pia, yuko Dublin.
Jumapili hunitokea kwenye skrini, shavu moja na sikio:
"Ahoj, babi." Halafu anateleza kwenye Kiingereza,
mwanangu anamtafsiria, tunacheka kwa kupokezana,
mimi wa mwisho.
Kule nani amekodiwa? Sijauliza.

Alhamisi iliyofuata sikuivua bahasha mkononi mwake.
Nilikaa. Nikafungua na kufumba vidole mbele ya mdomo
kama bata, nikajielekezea mwenyewe kifuani.
Akanitazama kwa muda mrefu,
kama mteja anayeomba kitu kisichowahi kuulizwa.
Kisha akachota glasi kwenye bomba, akaiweka mezani.
"Nước," alisema.
Maji. Nikaandika.
Akaelekeza dirishani, mbali, juu ya mapaa,
kulikokuwa na mawingu tu.
"Nước," alisema tena.
Nikadhani amekosea. Hakukosea.
Kwao neno la maji ndilo hilohilo la nchi.

Sasa tuko watatu mezani, kila Alhamisi.
Bi Thơm anauita mto, nzi wake amekufa chupani.
Mimi naomba maji, na sijui nimeomba nini,
maana mama anauma kiganja kuzuia kicheko.
Quyên, mapengo mawili mbele, penseli nyuma ya sikio,
anatugongea meza sote:
"Tena."