Karatasi Moja

Masunga, Kabula, ketini.
Mteja anataka mabango saba, redio wiki sita,
na neno "kisasa" lisikike kila sentensi.
Nimemwitikia. Sikumwahidi.

Bidhaa ni dagaa wa ziwa letu, gramu mia mbili,
wameoshwa, wameanikwa juu ya chanja,
mchanga haujawagusa.
Hayo mteja anayajua, anayajua mno.
Aliniletea kurasa kumi na nne za protini na madini,
nikazisoma zote, chai ikapoa mezani,
nikafika mwisho sina hata hamu ya kula.

Jumanne nikashuka Mwaloni.
Nilificha daftari, nikajifanya mnunuzi,
viatu vyangu vikanisaliti.
Mama mmoja, Nyanjige, anayepima kwa kopo la rangi,
aliniambia bila kuinua macho:
"Wenye magari huja jioni, kiza kikianza.
Wanasema ni wa kuku."
Wa kuku?
"Wa kuku. Halafu wanainama, wanachambua,
mmoja mmoja, mweupe kwa mweupe.
Mimi nimefuga, baba. Sijaona kuku anayechagua."

Hapo nikaacha kuandika.
Nikarudi Igoma, miaka minane, magoti yana vumbi,
hodi mlangoni, na mama, kwa kisigino tu,
anaisukuma sufuria chini ya meza,
kitambaa kinashuka, uso unachanua: "Karibu, karibu!"
Harufu ikabaki imesimama katikati ya sebule
kama shahidi aliyekataa kuketi.
Mgeni alikaangiwa mayai mawili.
Ndiyo yote tuliyokuwa nayo.
Akiaga alisema, "Nyumba hii inanukia vizuri,"
na mama akacheka, akaangalia dari.

Basi karatasi yenu ni hii, upande mmoja tu.

Tunasema na nani?
Si mwenye njaa; mwenye njaa hasubiri bango.
Tunasema na aliyeshiba juzi,
aliyenunua kochi na bado hajaling'oa nailoni,
anayempenda dagaa kama anavyompenda ndugu wa kijijini:
sana, lakini asije siku ya sherehe.

Leo anafanya nini? Anafunika.
Tunataka afanye nini? Afunue.
Kati ya maneno hayo mawili ndiko mtakakolala
hadi Ijumaa.

Msinichoree jiwe la Bismarck.
Msinichoree taa za wavuvi usiku, zinapendeza,
ndiyo maana kila kalenda ya benki inazo.
Msiniletee daktari mwenye koti jeupe
wala mtoto anayechekea kijiko.
Ugali uwepo, wa muhogo, na uwe na alama ya vidole.

Kabula akauliza, kalamu mdomoni:
"Na neno 'aibu', tuliandike?"
Hapana. Usilitaje kabisa.
Ukimwambia mtu ana aibu,
atafunika sufuria, kisha atafunika na uso.

Masunga hakuuliza kitu.
Alikuwa ameshachora, nyuma ya risiti ya mafuta,
kifuniko kimelazwa chali juu ya meza,
matone ya mvuke bado yamekishika.
Basi. Samaki hakuna, sufuria haipo,
sahani tano tu pembeni, na ya sita
imewekwa mbele ya kiti kilichovutwa.

Mteja atauliza dagaa wako wapi.
Atataka nembo yake iwe kubwa kama kiti.
Tutabishana, tutampa robo ya kiti.

Saa saba nikampigia mama.
"Umekula nini?" akauliza, kama kawaida yake.
Nikajibu kwa sauti, ofisi nzima inasikia:
dagaa, mama, wa nazi, na ugali.

Akanyamaza kidogo.
Kisha akauliza, polepole,
kama kuna watu karibu.