Jezi Namba Nane

Leo umeniletea jezi usiyotaka irudi.
"Ifue tu," umesema, "halafu mpe yule kijana."
Nimeitandaza juu ya meza, hapa Ghala,
nyuma ya gereji za matairi,
na pasi imenipoa mkononi.

Mselemu, misimu kumi na minne nimefua jasho lako.
Wenzangu wanakujua kwa sura, mimi kwa madoa.
Hili la kijani begani ni la Dubai, kwenye majani ya kumwagiliwa.
Hili la kahawia ni letu, vumbi la Hail,
halitoki hata kwa jiki.
Na hili la kolani, dogo kama kisiwa kwenye ramani,
ni damu ya pua, fainali ile tuliyofungwa.
Nililisugua kwa chumvi na maji baridi.
Kisha nikaliacha. Nikasema, hili lina haki ya kukaa.

Nilikuja Maskati sijui raga ni kitu gani.
Nilidhani ni ugomvi wenye refa,
na mpira wenyewe kama boga, haujui hata kudunda.
Ijumaa moja nikawaletea jezi uwanjani,
duka nimelifunga kwa dakika kumi.
Ukakabwa na watu watatu. Nikashika kichwa.
Ukanyanyuka,
ukauviringisha mpira kwa kisigino
kwa mwenzio aliyekuwa nyuma, bila kumtazama,
kama mtu anayeacha mlango wazi
kwa kuwa anajua nani anafuata.
Tangu siku hiyo, Ijumaa jioni duka langu halina mwenyewe.

Walikuita Kizingiti.
Vijana wanadhani ni kwa ajili ya kifua.
Sisi wa zamani twajua:
nyumba hubadilishwa mlango, dari, hata mwenye nyumba,
kizingiti kikabaki kile kile.
Walikuja watu wa Doha na mkataba wenye gari ndani yake.
Nilikuwepo, nimebeba rundo langu; nani humwona dobi?
Ukawapa kahawa, ukawakatia halua,
ukawauliza kwa upole,
"Na hawa kumi na wawili, gari litawatosha?"

Halafu ule mwaka tulioshindwa mechi zote.
Kimbunga kilikuwa kimezoa magoli,
nguzo tukazikuta wadini, zimelala kama ngamia waliochoka.
Uliibeba moja begani wewe na Azzan wa benki,
na suruali yako ya kazini.
Msimu huo kuna wiki nilifua jezi tisa tu.
Ya kwanza kwenye rundo, nane.

Sasa goti.
Bendeji ya goti la kushoto nimeifua kuliko bukta zako.
Juzi ulishuka ngazi mbili za duka langu
kama mtu anayehesabu pesa ya mwisho wa mwezi.
Hukusema unastaafu.
Ulisema, "Nimechoka kumdanganya daktari."

Mechi ya mwisho ulicheza dakika kumi na moja.
Tulifungwa, na sikumbuki ngapi.
Mama yako alikuwa kwenye kiti cha plastiki,
mpira hautazami, analitazama goti,
na kila ulipoinuka, midomo yake ikainuka nawe.

Mara sita mtu hukabwa, kisha mpira unautoa.
Ndiyo sheria, nimeisoma, siibishii.
Ila kwa hesabu yangu mimi, dobi,
wewe bado uko ya tano.

Basi nimeifua.
Nimepiga pasi mgongo, nane imesimama wima.
Kijana atapwaya humo mwaka mzima, na apwaye.
Kwenye risiti, mkono kwa mazoea umeandika jina lako.
Nimelikata, nikaandika lake.
Bei sikuandika.
Na chini, penye nafasi ya maelezo,
kwa herufi kubwa ili hata dobi atakayekuja baada yangu aelewe:
DOA LA KOLANI LISITOLEWE.