Daftari la Salala

Pensheni yangu ya ualimu, ya Mwanahawa ya ukunga,
na kodi ya kile kibanda chetu cha Korogwe
ambayo mpangaji hulipa akikumbuka:
zijumlishe kwa shilingi, ni fedha ya mtu mzima.
Zigeuze riali, zinanywea
kama mchicha motoni.

Mia na sitini na kitu.
Sabini za Bakhit mwenye nyumba.
Kumi na mbili umeme, na hapo ni feni tu;
kiyoyozi tunakitazama kama saa ya ukutani iliyosimama.
Samaki tunanunua saa tano, muuzaji akishachoka kubishana.
Dagaa wa hapa hukaushwa wakalishwa ngamia.
Mwanahawa aliwakaanga kwa ndimu na pilipili,
Bakhit akala, akaongeza,
hakuuliza.

Nyumbani waliniuliza: kwa nini huko?
Shehe nilimwambia ni magoti, yanataka joto.
Mdogo wangu Shekue nilimwambia ni utulivu wa ibada.
Ukweli ni huu, na usiufikishe mbali:
mstaafu kwetu ni mpera wa njiani,
kila apitaye huurushia jiwe.
Hodi ya ada, hodi ya arusi,
hodi ya msiba wa shemeji wa shemeji.
Nilitaka kuzeeka mahali ambapo mlango haunijui jina.
Sasa simu ndiyo inayonijua. Inatetema alfajiri mezani:
Mwalimu, shikamoo, samahani kwa usumbufu.

Mwishoni mwa Juni mawingu hushuka mlimani.
Manyunyu membamba, si mvua, si jasho.
Kisha yanakuja magari: Dubai, Riyadh, Kuwait,
familia nzima nzima na mazulia na majiko yao,
wamesafiri jangwa zima ili waje walowe.

Bakhit alipanda kwetu na bakuli la halua, la zafarani, zito.
Mwanahawa akaliangalia, akasema kwa Kiswahili:
"Hii si zawadi. Hii ni notisi."
Chumba chetu, riali arobaini kwa usiku mmoja.
"Miezi miwili tu, mwalimu. Juu ya paa kuna stoo."

Tulihamia na masanduku mawili, jiko la gesi, daftari.
Stoo: tangi la maji, mlango wa bati,
dirisha lisilo na kioo.
Usiku ukungu uliingia bila hodi,
ukakaa kitandani kama mgeni wa ndani,
ukalowesha barua za pensheni, mito, kofia yangu.
Nikanusa. Udongo. Moshi wa kuni ambazo hakuna aliyezikoka.
Lushoto ya mwaka wa sitini na nane,
sweta la mama lenye unyevu, ngazi za matope za kwenda shule.
"Mwanahawa," nikasema, "unasikia? Ni kwetu huku."
Akasema: "Ziba hilo dirisha kwa gunia."

Asubuhi nilianika daftari juu ya mvuke wa birika,
nikazibandua kurasa moja moja.
Nyuma, ambako sijawahi kufungua, mwandiko wake wa penseli:
nyanya, gesi, dawa ya presha,
na chini kabisa, kila mwezi tangu tufike,
riali tano:
*nauli, mtu mmoja.*

Hakuandika nani. Wala wakati gani.
Wala kama huyo mtu atakuwa amekaa au amelazwa.

Nikazirudisha kurasa kwenye joto.
Uani watoto wa Kuwait wamefungua vinywa,
wanakunywa manyunyu, wanapiga kelele za furaha ya kulipiwa.
Mwanahawa anapanda ngazi: hatua, anapumzika, hatua,
na madafu mawili kutoka vibanda vya barabarani,
aliyoyabishania mpaka yakashuka baisa hamsini.

"Andika," ananiambia, kabla hajakaa.

Naandika.