Vibarua wa Steshenari

Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa.
Tangu alfajiri imekaa juu ya bati la duka langu.
Umeme umerudi saa nne, mashine ya fotokopi inakohoa,
na kabla wanafunzi wa mikopo hawajajaa kwenye benchi
nimefungua kona ya kivinjari
niwahesabu vibarua wangu.

Wako saba.
Ninaokumbuka kuwaajiri ni wanne.

Huyu kazi yake kutia giza kwenye ukurasa
macho yasiniwashe usiku. Kazi ndogo, anaifanya vizuri.
Lakini soma mkataba wake:
kusoma na kubadilisha data yako yote
kwenye tovuti zote.
Yote. Halafu zote.
Mtu nimemwita apake chokaa ukuta wa nje,
ufunguo wa kabati la vyeti wa nini?

Huyu anageuza picha kuwa PDF.
Nyota nne na nusu, watu laki tatu wamemsifu,
sifa za gulioni: nani hurudi kusema
kwamba mkungu ulioza katikati?
Nikamtafuta bwana wake. Zamani alikuwa na jina,
kijana aliyejibu maswali, hata ya kijinga.
Ameuza. Mnunuzi hakupiga hodi,
aliingia na sasisho la usiku,
akavaa shati lile lile, akakalia kigoda kile kile.

Siwezi kuapa kwamba aliiba.
Kwenye mvua hii nyayo hazikai.

Ila juzi Anyegile alikaa hapa,
akaandika namba ya kitambulisho, akaambatisha
cheti cha kifo cha baba yake.
Alipofika kwenye nywila, kidole kimoja kimoja,
nikageuza uso dirishani nisione.
Nikatazama migomba!
Na mpaka chokaa amesimama begani kwake
anasoma.

Nimewafukuza sita.
Nimembakiza anayengoja kuitwa,
anayeona ukurasa ule mmoja tu, kisha anatoka.
Hata yeye nimeandika tarehe ya kumkagua tena
nyuma ya daftari la madeni.

Mwavuli unakung'utwa mlangoni. Ni Anyegile,
amefuata majibu.
Nitamwambia abadili nywila.
Ataniuliza kwa nini, dada,
na bado nafuta meza ambayo ni safi.