Nondo wa Milimita Ishirini na Mbili

Aliingia dukani kwangu, Tegeta kwa Ndevu,
saa moja jioni, jenereta la jirani likikohoa.
"Shikamoo mama. Kuna nondo hapa?"
"Marahaba. Za milimita ngapi?"
"Ishirini na mbili, akikunjua mbawa."

Nikamtazama.
Miaka kumi na tisa nauza nondo,
za kumi, za kumi na mbili, za kumi na sita,
nimeziona zikishika kutu mvua za vuli,
zikibebwa kwa guta, ncha zikitoa cheche lamini.
Hakuna hata moja iliyowahi kuota mbawa.

Akacheka. Eusebia, wa Mlimani.
Akaninyooshea kidole: kule juu, jirani na taa,
kwenye kalenda ya saruji,
kitu rangi ya majivu ya kifuu,
na mstari mmoja mwembamba umekatiza mbawa zote nne
kana kwamba alipigwa rula kabla ya kuzaliwa.

"Huyu ni wa kisiwani," akanong'ona. "Pemba, msituni.
Tunaomjua tunaenea kwenye bajaji moja."
"Kafikaje huku?"
"Sijui."
Nikampenda hapo. Mafundi wangu hawana neno hilo.

Akanieleza utoto wake: kiwavi
asiye na miguu ya katikati,
huvuta mkia hadi kifuani, akawa kitanzi,
akajinyoosha, akashika, akavuta tena,
shibiri,
shibiri,
shibiri,
anapima jani ambalo hatajenga.

Nikamkumbuka marehemu Mbwana
aliyepima kiwanja chetu cha Bunju kwa hatua zake,
asubuhi nzima, anahesabu kwa sauti,
hata wapimaji walipokuja na bikoni
wakasema hatua zake zilikuwa ndefu mno.

"Na jina lake kwa Kiswahili?"
"Hana. Nondo tu."

Alikuwa na kichupa mkobani.
Akakifungua. Akakifunga.
Akapiga picha saba, akanunua misumari robo kilo,
ya aibu nadhani, akaondoka.

Nikifunga hesabu niliandika daftarini:
Nondo mm 12, sitini na nne.
Nondo mm 16, thelathini.
Nondo, mmoja. Haiuzwi.
Nikasoma tena.
Nikafuta i ya kwanza.

Kisha nikazima taa mapema, mlango wazi kidogo,
nikakaa gizani juu ya mfuko wa saruji
nisisikie kitu.